Babu wa Kimamba na ramani ya mjengo wangu

Wiki hii naomba mnivumilie, maana nimerudi kutoka Kimamba na aibu yangu mfukoni. Aibu yenyewe imekunjwa mara nne, imechorwa kwa wino mweusi na pembeni ina muhuri. Naam, ni ramani ya mjengo wangu.

Wenye viwanja mnanielewa. Ukishapata kakiwanja kako kule Chanika, hata kama bado ni pori na majirani zako ni kenge, ramani haikai nyumbani. Kwenye daladala unayo, kwenye kikao cha harusi unayo, hata msibani unayo. Unasubiri tu mtu akuulize, "Vipi, ujenzi unakwendaje?" ndipo uichomoe kama karata ya turufu.

Yangu ilikuwa bomba. Vyumba vinne, kimoja masta. Sebule mbili: moja ya kulalia kwenye makochi na kuangalia mpira, nyingine ya wageni wa heshima ambao hata sijui watatoka wapi. Mbele nguzo mbili nene, mlango wa mninga, na ukuta wenye geti kali kwelikweli, ili wanangu nao waitwe watoto wa geti kali kama wale waliokuwa wakituringia sisi wa uswahilini. Nyuma kabisa, kati ya simtanki na banda la kuku, mchoraji aliweka kachumba kadogo na kukaandika "SQ". Mjini hapa nani asiyejua maana yake? Ni kota ya dada wa kazi.

Basi bwana, nikaipeleka ramani Kimamba kumwonyesha babu mzaa mama.

Kwa wasiopajua, Kimamba ni mji mdogo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye ile Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni mji uliolelewa na mkonge. Baba yake babu yangu alitoka Njombe akaja huku kama manamba, yaani kibarua anayeitwa kwa namba, mwenye kipande chake cha kuhesabia siku za kazi. Babu mwenyewe hakukata mkonge. Alichukuliwa akiwa kijana akawekwa jikoni kwa meneja wa shamba, akaanza kwa kuosha masufuria na akaishia kuwa mpishi.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mume mwenzangu! Mke wetu hajambo? Mwambie mume mkubwa bado nipo, asidanganyike na wewe."

Huyo ndiye babu. Tukacheka, nikanywa uji, nikaona sasa ndiyo saa yangu. Nikachomoa karata. Babu akavaa miwani yake yenye uzi, akaitandaza ramani juu ya mkeka, akainama. Akapitisha kidole mlangoni, sebuleni, koridoni, jikoni, hadi kule kwenye banda la kuku. Akanyamaza muda mrefu. Mimi huku najiandaa kusifiwa.

"Hii nyumba naijua," akasema.

"Babu, haijajengwa hii! Hata msingi bado."

"Naijua. Nimefanya kazi humu miaka kumi na miwili."

Nikadhani uzee. Lakini mzee akachukua fimbo yake, akaniambia nimwitie bodaboda. Tukapanda mshikaki, mimi, babu na dereva, hadi kwenye nyumba ya zamani ya meneja.

Jamani, hata kama imechakaa, nyumba ile ina mapozi. Imekaa juu ya kainuko, haijajichanganya na kambi za wafanyakazi kule bondeni. Sakafu imenyanyuliwa juu ya ardhi, unapanda ngazi pana za saruji kama unakwenda kupokea tuzo. Kuna baraza refu lililozunguka, la kunywea chai na kuangalia mkonge ulivyopangwa mistari. Upande wa nyuma kuna jiko lililosimama peke yake, limeunganishwa na nyumba kwa njia yenye kijipaa cha bati. Nyuma ya jiko, vyumba vidogo viwili vimebanana. Babu akavinyooshea fimbo.

"Hiyo ndiyo SQ yako."

Nikatazama ramani. Nikatazama nyumba. Nguzo mbele, jiko nyuma, kachumba karibu na kuku. Mchoraji wangu wa Dar, kijana wa kompyuta mwenye miwani ya kisasa, alikuwa amenichorea nyumba ya meneja wa mkonge bila mwenyewe kujua.

Sasa mimi nikianza kitu simalizii njiani. Niliporudi mjini nikakaa kusoma hadi macho yakawa mekundu, na leo nawapa mliyokosa.

Neno lenyewe bangaloo limetoka India, maana yake nyumba ya mtindo wa Bengal. Waingereza waliikuta huko, wakapenda baraza lake na upepo wake, wakaisambaza kila walikotawala. Huku Kilosa wenye mashamba wengi walikuwa Wagiriki, na babu anasema hata meneja wake alikuwa Mgiriki. Lakini adabu za ndani ya nyumba, nani apite wapi, nani aonekane na nani asionekane, hizo ni za Kiingereza kitupu. Zilitoka kwenye yale majumba ya mabwanyenye wa shamba kule kwao.

Majumba hayo mmeyaona kwenye filamu. Nyasi zimenyolewa, kondoo kwa mbali, nguzo kama za benki kuu, madirisha hayahesabiki. Na hayo madirisha ni mapozi ya pesa, maana tangu mwaka 1696 hadi 1851 Uingereza ilitoza kodi ya madirisha. Mwenye nacho anafungua madirisha yote, mwenye kubana anaziba kwa matofali.

Lakini raha ya kujua iko ndani. Zamani sana, miaka ya 1300 huko, bwana mkubwa wa Kiingereza alikula kwenye ukumbi mmoja na watu wake. Yeye alikaa meza ya juu, wao meza za chini, lakini moshi walivuta mmoja na mbwa walipiga teke mmoja. Taratibu mabwana wakaanza kujitenga. Katikati ya karne ya 17 mchoraji mmoja, Roger Pratt, akajenga jumba la Coleshill kule Berkshire. Jiko akaliteremsha chini ya nyumba. Katikati ya ukumbi wa mbele akaweka ngazi za kifahari, halafu pembeni akaficha ngazi nyembamba za watumishi, ili mgeni akipanda kwa madaha asikutane na mtu amebeba chombo cha haja ya usiku. Msicheke. Hakukuwa na choo cha kuvuta, na chombo lazima kipite mahali. Coleshill iliungua mwaka 1952, lakini ujanja wa ngazi mbili ulikuwa umeshasambaa nchi nzima.

Baada ya hapo ikawa mashindano. Zikatundikwa kengele ukutani kule kwa watumishi, kila moja na chumba chake. Bwana anavuta kamba juu, chini kengele inalia, mtu anakimbia. Jumba la Tatton Park, kule Cheshire, chini yake lina kijireli cha kusukumia makaa ya mawe, ili mbeba makaa asionekane. Babu nilipomsimulia hiyo kwa simu alisema, "Kumbe na wao walikuwa na tololi!" Mashambani kwa mkonge tololi za reli nyembamba ndizo zilizobeba majani kwenda kiwandani.

Kiboko yao ni Uppark, kule Sussex. Hapo walichimba njia za chini kwa chini kutoka jikoni hadi kwenye nyumba kubwa. Chakula kinatembea ardhini, kinaibukia mezani. Kati ya mwaka 1880 na 1893 msimamizi wa watumishi katika jumba hilo alikuwa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akija kumtembelea, akaziona zile njia. Mtoto huyo ni H. G. Wells. Mwaka 1895 akatoa kitabu kuhusu mtu aliyesafiri kwenda wakati ujao, akakuta watu wa juu wanacheza na kula matunda, na watu wa chini ya ardhi wanaendesha mitambo gizani. Usiku wa chini wanapanda kuwala wa juu! Wengi wanaamini zile njia za Uppark zimo katika hadithi hiyo. Mtoto wa mtumishi anaona mengi, jamani. Msidhani anachezea tu tairi uani.

Afrika Mashariki tunalo jumba letu la namna hiyo, tena kubwa. Liko Njoro, karibu na Nakuru, Kenya. Mwenyewe ni Maurice Egerton, bwanyenye wa Tatton, ndiyo hiyohiyo Tatton ya kijireli. Alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikaingilia, akamaliza 1954. Vyumba zaidi ya hamsini! Kule wanasimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, akisema nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo kama banda. Akajenga kubwa. Mwanamke akakataa tena. Kuanzia hapo, wanasema, bwana akachukia wanawake wote, hataki hata wakanyage kiwanja chake. Iwe kweli au maneno ya watu, lililo wazi ni kwamba alifariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, na vyumba vyote vile. Mabitozi mnaojenga ili demu akubali, someni hapo. Jema lake ni kwamba shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Na majumba ya Uingereza yenyewe? Mengi yalikwisha. Baada ya vita mbili kuu watumishi walipata kazi viwandani na maofisini, kodi za mirathi zikawabana warithi, na mamia ya majumba yakabomolewa. Tatton imebaki kwa sababu Egerton aliiacha mikononi mwa shirika la kutunza mali za kale. Siku hizi mgeni analipa kiingilio, anazunguka na watoto, na sehemu inayowachangamsha wengi ni jikoni na zile kengele. Mambo yamegeuka! Watu wanalipa kuona kule ambako zamani walifichwa.

Kimamba nako mambo yaligeuka, na hapa ndipo babu aliponimaliza.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mbele za ile nyumba ya meneja. Nikamuuliza, kwa utani tu, "Babu, hapa tulipokaa ulikuwa unakaa zamani?"

"Hapa? Wakati wa Mgiriki sikuwahi hata kupanda. Chai naileta kwa koridoni, natokea mlango ule wa pembeni, naweka, narudi kinyumenyume. Ngazi hizi nilikuwa nazifagia tu, kuanzia ya juu nikishuka."

"Na baada ya Mgiriki?"

Akacheka kidogo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge. Nchi yetu wakati huo ilikuwa tishio kwa mkonge, na mwaka 1964 peke yake ilikuwa imetoa tani karibu 230,000. Nailoni ilikuwa inakuja kuharibu bei, lakini manamba walijua hayo? Wao walijua kitu kimoja, kwamba anakuja meneja Mwafrika.

"Nikanunua viatu," babu akasema. "Vya kwanza vyangu. Siku alipohamia na familia yake nikapiga pasi shati, nikaja kuwakaribisha. Nikasema leo napanda kwa mbele. Nikapanda ngazi hizi. Moja, mbili, tatu, nne. Mama mwenye nyumba akatokea mlangoni. Mwenzetu kabisa, mweusi kama mimi, Kiswahili kimoja. Akaniangalia, akasema, 'Wewe ndiye mpishi? Pitia nyuma, baba, huku kuna wageni.'"

Nikakosa la kusema. Babu akaendelea kuchora chini kwa fimbo.

"Hakuwa mtu mbaya yule mama. Bibi yako alipozidiwa kujifungua mama yako, gari alitoa yeye usiku wa manane. Hakunitukana. Ila nyumba ilishamwambia mpishi anapita wapi. Mzungu aliondoka, mjukuu wangu, mlango wake akauacha. Sasa wewe umekuja na karatasi, umeuchora tena. Nikuulize: huyo binti mliye naye, anayemlea kitukuu changu, mtoto akilia saa nane za usiku na mvua inanyesha, atapita wapi?"

Kwa mujibu wa ramani yangu ya bomba, angepita uani, chini ya simtanki, pembeni ya kuku, kwa mwavuli.

Safari ya kurudi Dar niliiona ndefu. Nikafika, nikamsimulia mama watoto yote: Coleshill, kengele, viatu vya babu. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Ulikwenda kumwona babu au ulikwenda semina?" akaniuliza. "Haya, tuseme nimekubali. Chumba cha dada kiingie ndani. Kwani dada mwenyewe umemuuliza?"

Hilo nalo! Babu kasema, Wells kasema, mimi nasema, na mwenye chumba hajasema neno. Tukamwita. Ni binti wa miaka ishirini na moja, kaka yake ni mimi kwa jina tu, na alikaa pembeni ya kochi kama anayesubiri kufukuzwa. Nikaanza kumhutubia kwamba katika nyumba mpya atapita mlango wa mbele kama mtu yeyote, atakaa ndani, ikiwezekana hata chumba kimoja na watoto ili ajisikie yuko nyumbani. Nikajiona Nyerere.

Akaangalia chini, akasema taratibu, "Kaka, mbele au nyuma mimi sina shida. Na kulala na watoto, samahani, sitaki. Nikilala nao silali, ndiyo kazi inaendelea. Mimi naomba chumba kina dirisha. Na komeo liwe kwa ndani. Kule nilikoanzia kazi nilikuwa nalala stoo, na komeo lilikuwa kwa nje."

Wasomaji wangu, nyumba ilikuwa kimya, unasikia friji tu. Mama watoto akaacha mchele.

Hapo nikajua kwamba hata wema wangu ulikuwa wa kimeneja. Nilikuwa nampangia apite wapi, kama yule mama alivyompangia babu, tofauti mimi nilikuwa natabasamu. Yeye haombi kuwa mwanafamilia wa kwenye picha. Anaomba mahali ambapo akishafunga, kazi imekwisha na mwili ni wake hadi asubuhi. Mabwanyenye wa Uingereza walivunja vichwa miaka mia tatu kuhusu ngazi na mahandaki ili wao wasiingiliwe. Faragha ya anayepanda ngazi za nyuma haikuwasumbua sana. Mimi nilitaka kufanya yaleyale kwa matofali ya block ya Chanika.

Basi nimerudi kwa mchoraji. Kijana akanuna, akataka hela nyingine. Nikampa. Sebule ya wageni wa heshima imekufa, hao wageni watakaa na sisi kwenye mpira au wabaki kwao. Mahali pake kuna chumba cha dada, kimeingia ndani, kinapakana na koridoni ya watoto lakini kina mlango wake, dirisha lake la ukubwa uleule wa madirisha ya watoto wangu, na komeo kwa ndani. Ufunguo mmoja, anakaa nao yeye. SQ imefutwa. Kuku wamepata nafasi, na wanastahili.

Nguzo mbili za mbele nimezibakiza. Mimi nami ni binadamu, nina mapozi yangu.

Nimempigia babu kumwambia. Akauliza vipimo vya dirisha, nikamtajia. Akauliza mlango wa jikoni unatazama wapi, nikamwambia. Akauliza binti mwenyewe ameionaje, nikamwambia ameitazama ramani muda mrefu, amegusa lile dirisha kwa kidole, halafu akarudi jikoni kuepua ugali.

"Basi jenga," akasema. "Ukimaliza nitakuja na viatu vyangu. Nipitie mbele au nyuma, hapo nitaamua mwenyewe. Na mke wetu mwambie anipikie kuku."

Haya, wenye ramani mifukoni, zikunjueni leo mtazame kule nyuma karibu na simtanki. Na mkishatazama, mwiteni mwenye chumba mumuulize. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, nikiwa hai na saruji haijapanda.